Nafasi ya Masimulizi ya Wazee katika Kuuelewa Ugonjwa wa Kuru, Papua Guinea Mpya

1.0 Utangulizi

Kuru ni ugonjwa adimu unaouharibu ubongo hatua kwa hatua. Uliwapata Wafore wa Nyanda za Juu za Mashariki, Papua Guinea Mpya, pamoja na jirani zao waliooleana nao. Jina lenyewe linahusiana na kutetemeka. Mgonjwa alianza kuyumba anapotembea, kisha akashindwa kukaa bila kuegemezwa, na mwishowe akashindwa hata kumeza. Wengi walifariki kabla ya mwaka kutimia. Historia ya ugonjwa huu imezoeleka kusimuliwa kama ushindi wa maabara. Makala hii inabainisha kwamba maabara ilithibitisha kuwa kuru huambukizwa, ilhali majibu kuhusu ulianza lini na ulieneaje yalitoka katika kumbukumbu za Wafore.

2.0 Dhana ya Urithi

Mwaka 1957, eneo hilo likiwa chini ya utawala wa Australia, Vincent Zigas na D. Carleton Gajdusek walichapisha maelezo ya kitabibu ya kuru. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake na watoto. Wanaume wazima walikuwa wachache. Hapakuwa na homa wala dalili nyingine za kawaida za maambukizi, na ugonjwa ulionekana kufuata koo. Kwa hiyo dhana kwamba kuru hurithiwa kupitia jeni ilipata nguvu. Dhana hiyo haikuwa suala la kitaaluma tu, kwani iliambatana na mapendekezo ya kuwazuia Wafore kutoka nje ya eneo lao. Hata hivyo, ilikabiliwa na tatizo: jeni inayowaua wanawake wengi kiasi hicho katika umri wa kuzaa ingewezaje kuenea sana?

3.0 Ushahidi wa Masimulizi

Kuanzia mwaka 1961, wanaanthropolojia Robert Glasse na Shirley Lindenbaum waliishi miongoni mwa Wafore, wakikusanya nasaba na masimulizi. Wazee waliwakumbuka watu wa kwanza kuugua katika vijiji vyao, na waliweza kueleza jinsi ugonjwa ulivyoingia kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Kwao kuru ulikuwa ugeni ulioshuhudiwa na watu waliokuwa bado hai. Aidha, ilibainika kuwa wengi walioitana ndugu hawakuwa wa damu moja. Nguzo mbili za dhana ya urithi zikatikisika.

Masimulizi hayohayo yalieleza desturi ya kula miili ya marehemu kama sehemu ya maombolezo. Washiriki wakuu walikuwa wanawake, pamoja na watoto waliokuwa nao. Wavulana walipokua walihamia nyumba ya wanaume, na wanaume wazima hawakushiriki kwa kiasi hicho. Mgawanyo huo ulilingana na mgawanyo wa wagonjwa.

4.0 Uthibitisho

Mwaka 1959, William Hadlow alionyesha kuwa kuru ulifanana na skrepi, ugonjwa wa ubongo wa kondoo unaoambukizwa. Mwaka 1966, Gajdusek na wenzake walitangaza kuwa sokwe waliodungwa tishu za ubongo wa wagonjwa walikuwa wameugua. Wakati huohuo, baada ya desturi ile kukoma mwishoni mwa miaka ya 1950, watoto wadogo waliacha kuugua. Mwaka 1982, Stanley Prusiner alipendekeza istilahi ya prioni, yaani protini yenye umbo potofu inayozipotosha protini nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwaeleza wagonjwa 11 waliobainika kati ya 1996 na 2004. Wote walizaliwa kabla ya desturi kukoma, na baadhi yao huenda walikaa na maambukizi kwa zaidi ya miaka 50.

5.0 Hitimisho

Wafore wenyewe waliamini kuwa kuru ulitokana na uchawi. Imani hiyo haikueleza chanzo cha ugonjwa kibiolojia, lakini ndani ya simulizi za uchawi mlihifadhiwa majina, vijiji na mfuatano wa vifo. Mtafiti ambaye angezitupa kama ushirikina angeitupa pia kronolojia. Hivyo, kuru unamfunza mwanahistoria kutenganisha maelezo ya msimulizi kuhusu sababu na ushahidi wake kuhusu matukio. La kwanza linaweza kukataliwa. La pili linastahili kupimwa kwa uzito uleule unaopewa nyaraka.