Shauri Moyo, mtaa uliozaliwa na bomoabomoa ya Pangani

Mgeni anayetaka kuujua mji wa Nairobi kwa miguu na aanzie Barabara ya Landhies, apite mafundi wa Kamukunji, aingie Shauri Moyo. Mtaa huu haumo katika orodha ya vivutio vya utalii, lakini historia yake ni nzito kuliko ya majumba mengi yenye vibao vya kumbukumbu.

Hadithi yenyewe inaanzia Pangani, kijiji kilichoota baada ya reli kufika Nairobi mwaka 1899. Nyumba za huko zilikuwa za miti na udongo, kwa mtindo wa pwani, vyumba vimepangana na wapangaji wamejaa. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu, na wengi miongoni mwao wanawake waliojenga kwa jasho lao. Kwa mwanamke aliyetoka kwao bila mume wala shamba, nyumba ya Pangani ilikuwa mali hasa: alikula kodi yake, akachagua mwenyewe wa kumrithi.

Wakoloni hawakuitaka. Profesa William Simpson, aliyeitwa mwaka 1913 kuchunguza usafi wa miji, alishauri watu watenganishwe kimakazi kwa rangi zao, na hofu ya tauni ikawa kisingizio kizuri. Miaka ya 1920 ilipoanza, Pumwani ikatengwa kuwa makazi rasmi ya Waafrika na vijiji vingine vikavunjwa. Pangani ilisalimika kwa muda. Zamu yake ilifika mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wakajengewa Shauri Moyo na halmashauri ya mji.

Tusipite hapa haraka. Mama aliyelala mwenye nyumba aliamka mpangaji. Hata kama kuta mpya zilikuwa imara kuliko za udongo, hazikuwa zake. Mwenye nyumba sasa alikuwa halmashauri. Vitabu vingi huuita uhamisho huo mpango wa makazi. Mimi nauita kunyang'anywa.

Vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Askari wa King's African Rifles walipelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, na jina la nchi hiyo limebaki kwenye soko la hapa Shauri Moyo, Burma, linalosifika kwa nyama. Fika asubuhi uone mapaja ya ng'ombe yananing'inia kwenye kulabu, shoka linagonga gogo, na wenye hoteli wanabishania mbavu.

Siasa nayo haikuwa mbali. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, ng'ambo ya Barabara ya Jogoo, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alidai uhuru kamili hadharani. Mwezi uliofuata yeye na kiongozi mwenzake Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Tarehe 24 Aprili 1954 ikaanza Operesheni Anvil ya kuwasaka Mau Mau: askari waliizingira mitaa ya Waafrika, wakawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru nyumba kwa nyumba, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia vizuizini, wengi Manyani na Mackinnon Road.

Leo sauti ya jirani ni nyundo za Kamukunji. Nilimtazama fundi akilikata pipa kuukuu kwa patasi, akalinyoosha bati juu ya kipande cha reli, kisha akalikunja taratibu mpaka likawa ubavu wa jiko. Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi hao mwaka 1985, na tangu hapo jina lao la mitaani, jua kali, likaingia katika lugha ya serikali.

Sasa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umefika Shauri Moyo, na maghorofa yanachukua nafasi ya nyumba za zamani. Sipingi watu kupata makao mazuri. Naomba tu kwamba kabla tingatinga halijagusa safu nyingine, Kaunti ya Nairobi ipige picha milango na nyua zake, iwahoji wazee, na iandike majina ya waliotoka Pangani. Na mkazi wa miaka mingi apewe nafasi ya kwanza ya kumiliki, kwa hati yenye jina lake.