Jibu kwa Vina Vilevile

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilirushiana mashairi kabla ya kurushiana risasi. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji. Lamu ilikuwa na Bwana Zahidi Mngumi.

Ugomvi ulikuwa na adabu zake. Mwenye kujibu hakuropoka: alisikiliza kwanza, akalishika fumbo la mwenzake, akalifumbua, kisha akamfumbia lake. Kila mshororo wa shairi mizani 16, 8 kwa 8, na aghalabu vina vilevile vya aliyeanza. Kazi ngumu kuliko kutukana!

Hatimaye Mombasa na Lamu zilipigana: Vita vya Shela viliamuliwa kwa silaha, Lamu ikashinda. Malumbano ya mashairi hayakufa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa watunzi ukurasa. Jibu likangoja toleo la mwezi ujao, hasira ikipoa, au ikiiva.