Kompyuta isiyolala: nilimlaumu kijana bure Garissa

Nina duka dogo la kompyuta mjini Garissa, si mbali na Soko Mugdi. Watu huja kuchapa barua, kuskani vitambulisho na kujaza fomu za eCitizen. Mashine kubwa ya mezani ni moja tu, ya mtumba, niliyoinunua Mombasa nikasafiri nayo kwa basi kupitia Garsen na Hola huku nimeipakata kama mtoto. Jioni siizimi. Huilaza, kwa sababu kuiwasha upya asubuhi huchukua muda, na mteja wa kwanza aliyetoka mbali hapendi kungojeshwa.

Kwa muda wa wiki tatu hivi nilikuwa nikifungua duka naikuta macho. Skrini nyeusi, lakini feni yavuma, kasha lina moto, na chumba kizima kama tanuri. Tokeni nazo naona zakwisha haraka. Kijana anayelala dukani kulilinda ni wa kutoka Garsen, na mimi hukumu nilishaipitisha: usiku atazama filamu. Nikamwambia nitamkata pesa, na mwisho wa mwezi nikamkata kweli.

"Ami, wallahi sikuigusa," akaniambia.

Nikamjibu kwamba kompyuta haijiamshi yenyewe.

Hujiamsha. Tena huweka daftari la kila mara ilipoamka na kilichoiamsha, na mimi niliyejiita fundi nilikuwa sijalifungua. Nayaandika haya kwa sababu najua ofisi, madrasa na nyumba nyingi, huku na huko Pwani, zenye mashine ya namna hii, na mara nyingi anayelaumiwa ni mtoto au mfanyakazi.

Anza kwa kuiuliza. Kwenye Windows 10 au 11, bofya Start, andika cmd, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Run as administrator". Litatokea dirisha jeusi. Andika powercfg /lastwake ubonyeze Enter. Itakutajia kitu cha mwisho kilichoiamsha: huenda ni batani ya kuwashia, kipanya, kadi ya mtandao, au saa ya ndani. Mara nyingine hujibu hesabu ya sifuri bila maelezo. Usikate tamaa, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs halafu System, utafute mistari yenye jina Power-Troubleshooter. Pale pameandikwa saa iliyolala, saa iliyoamka, na chanzo.

Mimi nilikuta imeamka saa nane usiku. Usiku wa nyuma yake, saa nane tena, dakika zimepishana kidogo tu. Na wa nyuma yake. Hakuna kijana wa kuamka saa ile ile kila usiku kutazama filamu. Saa nane usiku ndiyo saa ambayo Windows imepangiwa kiwandani kufanya usafi wake: kukagua diski, kutafuta masasisho, kupanga mambo yake. Ikiwa imelala na imeruhusiwa, huamka kwa kazi hiyo.

Lakini hapo jambo halijaisha. Mashine iliyoamshwa na saa bila mtu kuigusa hutakiwa irudi kulala baada ya dakika chache. Yangu ilikesha hadi asubuhi. Kwa hiyo kulikuwa na vitu viwili, kimoja cha kuiamsha na kingine cha kuizuia isirudi. Wengi hutibu kimoja wakadhani wamemaliza.

Cha kuizuia huulizwa kwa amri nyingine katika dirisha lile lile jeusi: powercfg /requests. Ifanye kabla hujafunga chochote, mashine ikiwa kama ulivyoikuta. Vichwa vyote vikiwa na "None" chini yake, hakuna anayeizuia wakati huo. Kwangu, chini ya SYSTEM, paliandikwa kwamba sauti inatumika, na mwenye kuitumia ni draiva ya sauti. Sauti gani, na spika nimezizima kwa swichi yake?

Nikapekua kivinjari. Nyuma ya vichupo vya wateja palikuwa na kimoja changu mimi, redio ya nyumbani Pwani, nayo yaendelea kucheza. Jioni nilikuwa nikizima spika, sikuifunga redio. Ukiilaza kompyuta kwa mkono, hulala hata kama kuna sauti, kwa sababu wewe ndiye uliyeamuru. Ikiamshwa usiku, redio yaendelea pale ilipoachia, na kwa kuwa sauti yatumika, mashine haithubutu kulala tena. Kijana alikuwa kalala chini ya feni ya dari, na mimi ndiye niliyeikesheza mashine kwa redio isiyosikika.

Si lazima kwako iwe redio. Yaweza kuwa video iliyo wazi, faili ambalo kompyuta nyingine inalisoma kupitia mtandao wa ofisi, au kazi ya kuchapisha iliyokwama kwenye foleni ya printa. Amri ile itakutajia.

Saa ya usiku niliitibu hivi. Kwenye Control Panel, upande wa Power Options, ingia mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, tafuta Sleep, halafu "Allow wake timers", uweke Disable. Kisha, upande wa Security and Maintenance, fungua Automatic Maintenance uondoe tiki inayoruhusu mashine kuamshwa. Jua tu kwamba masasisho sasa hayatafanyika usiku. Mimi huyafanya Ijumaa baada ya Swala, mteja akiwa hayupo.

Kuna mashine nyingine ambazo zikilazwa huamka papo hapo, kabla hujafika mlangoni. Hizo mara nyingi huamshwa na kifaa. Andika powercfg /devicequery wake_armed, itakuorodheshea vilivyopewa ruhusa ya kuiamsha. Kipanya kikiwa juu ya meza inayotikisika lori likipita barabarani, chatosha. Njia ya mkato ni kukichomoa kipanya, uilaze kwa kibodi, uone. Ukishamjua mkosaji, nenda Device Manager, bofya kifaa hicho mara mbili, ingia Power Management, uondoe tiki ya kuiamsha kompyuta. Kibodi iachie ruhusa yake. Kadi ya mtandao iondolee, isipokuwa kama kuna mtu huiamsha mashine yako akiwa mbali, jambo ambalo katika duka la watu wawili silioni.

Sasa la Garissa hasa. Kompyuta ya mezani ikilala usingizi wa kawaida, kazi yako yote imo ndani ya RAM, na RAM hushikilia kwa umeme. Ni usingizi wa mang'amung'amu. Umeme ukipotea, kila kitu ambacho hukukihifadhi kimekwenda. Laptopu ina betri ya kuistahi, ya mezani haina. Nje kidogo ya mji huu kuna kiwanda cha umeme wa jua cha megawati 50 na ushei kilichofunguliwa Desemba 2019, na hata hivyo mishumaa haijaacha kuuzwa. Wajir na Mandera, zilizotegemea kwa miaka mingi mitambo ya dizeli ya hapo hapo, na kambi za Dadaab, ambako wengi hununua umeme kwa mwenye jenereta, wanalijua hili kuliko mimi. Mwenye jenereta akizima, mashine iliyolala haikuulizwa.

Dawa ni usingizi wa pili, ulioandikwa Hibernate. Mimi nauita kulala fofofo. Kompyuta huyaandika yote yaliyo kwenye RAM ndani ya diski kisha ikajizima kabisa. Waweza kuichomoa ukutani, ukaisafirisha hadi Lamu, ukaiwasha ukakuta barua ya mteja ilipokatikia. Kama neno hilo halionekani kwenye menyu ya kuzimia, andika powercfg /hibernate on katika dirisha jeusi, halafu kwenye Power Options, mahali pa kuchagua kazi ya batani, ulitie tiki litokee. Litakula nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski, kutegemea RAM yako, na kuamka kwake ni taratibu kidogo. Kuna na mseto wa hizi mbili, "Hybrid sleep", unaolala kwa RAM lakini ukaacha nakala kwenye diski. Ukiuona, uwashe. Ni mzuri kwa mchana, unapokwenda kuswali. Kujua mashine yako ina aina gani za usingizi, andika powercfg /a.

Usichanganye pia kuamka na kuwaka upya. Umeme ukipotea usiku ukarudi, baadhi ya mashine hujiwasha zenyewe kwa sababu zimepangwa hivyo kwenye BIOS. Dalili yake ni kwamba madirisha yako yote hayapo, na ndani ya Event Viewer pana Kernel-Power yenye namba 41, maana yake mashine ilikatika bila kuzimwa. Tiba yake iko kwenye BIOS, kwenye kipengele cha kurudi kwa umeme, uiambie ibaki imezima.

Na ile inayoamka feni ikazunguka lakini skrini ikabaki nyeusi? Kabla hujaizima kwa nguvu ukapoteza kazi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo huianzisha upya draiva ya skrini, na mara nyingine picha hurudi. Ikijirudia, weka draiva mpya ya skrini kutoka kwa aliyeitengeneza, upulize na vumbi. Ikiendelea, mshuku saplai ya umeme ya ndani ya kasha, hasa ile iliyopigwa na umeme unaorudi kwa kishindo.

Baada ya yote hayo nilikaa nikapiga hesabu ya tokeni, ambayo ningeipiga mwanzo. Tuseme mashine ikiwa macho bila kazi yala wati 60. Saa nane usiku hadi saa moja asubuhi ni saa tano, wati 60 mara tano ni 300, yaani chini ya theluthi moja ya uniti. Mwezi mzima, uniti tisa. Nilizomkata kijana zilikuwa zaidi ya hizo, na kilichokula tokeni zangu nyingi, nadhani, ni friji ya soda ambayo mpira wa mlango wake umechanika.

Nilimrudishia pesa zake mbele ya wale wale waliosikia nikimfokea. Alizihesabu, akazitia mfukoni, hakusema neno siku ile.

Siku hizi yeye ndiye afungaye duka. Huilaza fofofo, hungoja taa ya mbele izimike, akachomoa waya. Nami nikiwa natafuta viatu mlangoni huniuliza kwa sauti ili wateja wasikie, "Ami, redio umefunga?"