Daftari la Diwali

Katika miaka yangu ya ualimu nimefundisha mengi ya kweli, na machache ya uongo. Uongo mmoja niliufundisha mwaka 1974, nilipokuwa mwalimu kijana katika mji mdogo wa bara. Mwanafunzi aliniuliza Diwali ni nini. Nikamjibu, bila kufikiri, kwamba ni siku ya Wahindi kupiga fataki. Darasa zima lilicheka, isipokuwa binti mmoja, mtoto wa mwenye duka.

Kesho yake binti yule aliniletea salamu: baba yake ananialika nyumbani usiku wa Diwali.

Nilikwenda. Mlangoni palichorwa maua kwa unga wa rangi, na kizingitini zilipangwa taa ndogo za udongo, kila moja na utambi wake wa pamba. Mzee alinieleza kwamba jina lenyewe, Dipavali kwa Kisanskriti, maana yake ni safu ya taa. Sikukuu huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, kati ya Oktoba na Novemba. Taa huwashwa kwa sababu usiku ule ni wa giza.

Simulizi zake ni nyingi. Kaskazini mwa India watu hukumbuka Rama aliporejea Ayodhya baada ya miaka 14 ya uhamishoni, akiwa amemshinda Ravana. Kusini husimulia jinsi Krishna alivyomuua Narakasura. Huko Bengal usiku huo huabudiwa Kali. Wala si sikukuu ya Wahindu peke yao: Wajaini humkumbuka Mahavira, mwalimu wao mkuu, aliyefikia ukombozi wa roho, na Masingasinga hukumbuka Guru Hargobind alipofunguliwa kutoka ngome ya Gwalior.

Mzee yule asili yake ilikuwa Gujarat, walikotoka wengi wa wafanyabiashara walioletwa na pepo za kaskazi hadi pwani yetu. Kwao Diwali ndiyo siku ya mwisho wa mwaka. Kabla ya usiku huo kuisha, hesabu za duka hufungwa, na madaftari mapya huwekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Mwenye duka huandika ukurasa wa kwanza maneno mawili: heri na faida. Heri hutangulia.

Alinionyesha daftari jipya lenye jalada jekundu, akanisomea mwaka aliouandika: 2031. Nikadhani mzee amekosea. Akacheka, akanifahamisha kwamba hesabu yao, iitwayo Vikram Samvat, huanzia mwaka 57 kabla ya Kristo. Mimi, mwalimu wa historia, nilikuwa sijapata kulisikia jambo hilo.

Kisha akafungua daftari la zamani, na macho yangu yakaangukia jina langu. Kilo mbili za sukari, sabuni, na kitambaa cha suruali. Deni la miezi mitano. Nikaona haya. Mzee akasema kwa upole, "Mwalimu, usiku huu hatudaiani. Tunaandika tu ukweli, ili mwaka mpya usianze na uongo."

Deni lile nililipa mwisho wa mwezi. Lakini maneno yake yalinikumbusha deni la pili, nalo lilikuwa zito zaidi. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikasema kwamba niliyowaambia juu ya Diwali hayakuwa sahihi, nikaanza upya: safu ya taa, usiku usio na mwezi, Rama, daftari. Binti yule aliandika kila neno, ingawa aliyajua yote.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani nilidhani wanasema juu ya fedha tu. Baadaye, nilipokuwa chuoni nikiwafunza walimu, kila mwaka niliwasimulia kisa hiki, nikawaomba kila mmoja aandike jambo moja alilowafundisha watoto vibaya, na siku atakayolisahihisha. Wengine walinicheka. Wengine waliandika kurasa mbili.