Ilitokea Wapi? Mpaka, Mahakama na Mshtakiwa wa Muhuru

Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana Afrika Mashariki kwa mstari uliotoka mto Umba, pwani, hadi pale latitudo ya digrii 1 kusini inapokutana na ukingo wa mashariki wa Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Wenyeji hawakuulizwa. Karibu kabisa na hapo mstari unapoingia majini ndipo ilipo Muhuru, ambayo leo ni pembe ya kaunti ya Migori. Mkataba wa 1890 uliuendeleza mstari huo kukata ziwa lenyewe.

Nayataja haya katika makala kuhusu kesi za jinai kwa sababu watu wengi wakisikia neno utetezi huwaza mashahidi tu: nani aliona, nani anasema uongo. Wakili mzoefu huanzia mbali zaidi. Kosa linadaiwa kutendeka wapi, na ni nani aliyeipa mahakama hii mamlaka ya kulisikiliza? Kwingine hilo ni swali la vitabuni. Muhuru ni swali la kila siku.

Mpaka 1902 upande huu wa ziwa ulihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ndipo ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, Kenya ya baadaye. Hatua chache kusini, Mjerumani alikuwa na mabaraza na viboko vyake. Mvuvi aliyelala ng'ambo kwa wakwe zake alikuwa amebadilisha sheria usiku mmoja bila kujua. Na sheria yenyewe ilitoka mbali: tangu 1897 Waingereza walitumia katika Himaya hiyo Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860. Mwaka 1930 waliiondoa na kuleta nyingine, iliyotokana na ile Samuel Griffith aliyoiandikia Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19. Hiyo ndiyo, pamoja na viraka vingi, Sura ya 63 ya sheria za Kenya anayosomewa mshtakiwa wa Migori hadi leo.

Mahakama nazo zilikuwa za matabaka. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alihukumiwa na baraza la Wazungu wenzake. Mwafrika aliwekewa wazee washauri ambao jaji hakulazimika kuwafuata, utaratibu uliofutwa 2007 tu. Kesi ndogo zilikwenda kwenye mabaraza ya wenyeji, ambako mawakili walipigwa marufuku. Ngazi ya juu yake alikaa mkuu wa wilaya, aliyekuwa msimamizi wa polisi, mkusanya kodi na hakimu, vyote katika kofia moja. Tume ya Bushe ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1933 na kupendekeza kesi nzito zitolewe mikononi mwa maafisa wa utawala. Magavana walipinga.

Kesi iliyowafunza Wakenya uzito wa swali la mahali ni ile ya Kapenguria. Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano, akiwemo Ramogi Achieng' Oneko wa Nyanza, kifungo cha miaka saba. Mawakili wao, wakiongozwa na D. N. Pritt, waligundua kitu kilichoonekana kidogo: Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, lakini Kapenguria ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mahakama kuu ya koloni ilikubali na kuitangaza kesi nzima kuwa batili, kabla Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki kuirudisha. Oneko alishinda rufaa yake Januari 1954, tena kwa upungufu wa ushahidi. Hakuachiliwa. Serikali ilimweka kizuizini kwa amri, na hapo ndipo ufundi wa wakili ulipofika mwisho.

Katiba ya uhuru ilidai kila kosa liwe limeandikwa, na 1967 mahakama za Waafrika ziliunganishwa na za mahakimu. Uliruhusiwa kuwa na wakili, mradi umlipe mwenyewe. Kwa mtu anayeishi kwa omena, ruhusa hiyo haikuwa na maana kubwa.

Katiba ya 2010 ilikwenda mbele zaidi. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kunyamaza, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi. Kifungu cha 50 kinampa mkalimani bila malipo, na wakili wa serikali pale ambapo bila huyo dhuluma kubwa ingetokea. Kipimo hicho kina utata. Mahakama ya Juu ilikizungumzia mwaka 2017 katika kesi iliyotoka Malindi, ambayo nayo iligeukia swali letu lile lile: jaji wa mahakama ya ardhi alikuwa amesikiliza rufaa ya jinai, na hakuwa na mamlaka hayo.

Majini mambo hayajatulia. Mwaka 2009, mvutano wa Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo ulipopamba moto, Rais Museveni wa Uganda alikubali kwamba kisiwa ni cha Kenya lakini akashikilia kwamba maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Kwa mvuvi kauli hiyo ilimaanisha kuwa kitandani yuko chini ya sheria moja na mtumbwini yuko chini ya nyingine.

Hata hivyo wengi hupoteza kesi mapema zaidi, wanapoulizwa kama mashtaka ni ya kweli. Mtu aliyeshikwa na nyavu haramu hukiri haraka, alipe faini arudi ziwani. Uamuzi wa kesi ya Adan wa 1973 unamtaka hakimu amsomee mshtakiwa kila kipengele cha kosa kwa lugha anayoielewa, kisha upande wa mashtaka ueleze mambo yalivyotokea, mahali pakiwemo. Mshtakiwa akipinga jambo la msingi, hakimu lazima aandike kwamba amekana, na ushahidi uanze kusikilizwa. Akinyamaza akatiwa hatiani, kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka kinamwachia rufaa ya kupinga ukubwa au uhalali wa adhabu tu, isipokuwa aonyeshe kwamba kukiri kwake hakukuwa wazi.