Tanki la pili la pikapu: kipimo kilichozaliwa na ugomvi

Pikapu kubwa za dizeli za Ford na Chevrolet zilizotoka viwandani Marekani zikiwa toleo la mwaka 2011 zilikuja na tanki la pili. Kifuniko chake ni cha bluu ili mtu asilikosee, lakini kilichomo ndani hakina rangi wala si mafuta. Ni maji safi asilimia 67.5 na urea asilimia 32.5, basi. Wamarekani wanaita DEF. Ulaya ni AdBlue, jina linalomilikiwa na VDA, chama cha watengenezaji magari cha Ujerumani. Brazil wanasema Arla 32. Madereva wetu wa malori yaliyotoka Ulaya nao wanalijua hilo jina la AdBlue.

Tangu tanki hilo lilipoingia kwenye pikapu, lalamiko moja halijaisha: kipimo chake hakiaminiki. Kinakaa kwenye “limejaa” wiki nenda wiki rudi, kisha kinaporomoka. Unalijaza tanki, na dashibodi inaendelea kudai halijajaa. Mwenye gari anafika kwa fundi akiwa na hakika kwamba tanki linavuja au sensa imekufa, na mara nyingi si hili wala lile. Geji ya mafuta iliwekwa kumsaidia dereva asikwame njiani. Hii nyingine iliwekwa ili serikali ipate hakika kwamba dereva hatakwepa, na tofauti hiyo imeacha alama katika kila tabia yake.

Urea yenyewe ina umri mrefu. Mfaransa Hilaire Rouelle aliitoa kwenye mkojo mwaka 1773. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara bila kuhitaji mkojo wa kiumbe chochote, na wanakemia wakalazimika kufikiri upya juu ya mpaka waliokuwa wameuweka kati ya vitu vya uhai na vitu visivyo na uhai. Karne iliyofuata, kampuni ya BASF ilianza kuizalisha kiwandani kutokana na amonia na kabonidayoksaidi. Zao lake kubwa ni mbolea ile ile nyeupe ya kukuzia ambayo mkulima wa mahindi wa Mbeya au Kitale ananunua kwa mfuko.

Ilifikaje kwenye eksozi? Kwa sababu ya hewa ya Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho wakazi wa jiji hilo ulipikwa na jua kutokana na mvuke wa mafuta ya petroli na oksidi za nitrojeni. Oksidi hizo hazitokani na uchafu wa mafuta. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa sehemu kubwa, na ndani ya silinda yenye joto kali nitrojeni hiyo inaungana na oksijeni. Kadiri injini inavyochoma vizuri, kwa joto la juu, ndivyo inavyozitoa kwa wingi.

Hapo ndipo mtengenezaji wa dizeli anapobanwa. Akipunguza joto ndani ya silinda, kwa mfano kwa kurudisha sehemu ya moshi uchomwe tena, oksidi zinapungua lakini masizi yanaongezeka na ulaji wa mafuta unapanda. Akipandisha joto, masizi yanapungua, mafuta yanaokolewa, oksidi zinafurika. Njia ya tatu ni kuiacha injini ichome inavyotaka, kisha kuusafisha moshi ukiwa njiani kutoka. Wajapani walikwisha kufanya hivyo kwenye mitambo ya umeme miaka ya 1970: walipitisha moshi pamoja na amonia juu ya kichocheo, na oksidi zikageuka nitrojeni na maji. Ila amonia ni sumu, na hakuna anayetaka kubeba mtungi wake chini ya kiti cha dereva. Urea ikawa jibu. Haina madhara mkononi, na ikipuliziwa kwenye eksozi yenye moto inavunjika na kutoa amonia pale pale inapohitajika.

Mwaka 2004 Nissan Diesel ya Japani ilitoa lori lake, Quon, likitumia mfumo huu, na muda si mrefu malori ya Mercedes-Benz Ulaya yakafuata. Kiwango cha asilimia 32.5 kilichaguliwa kwa sababu ya baridi. Mchanganyiko huo unaganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Ukiongeza au ukipunguza urea, utaganda mapema zaidi. Tena maji na urea huganda na kuyeyuka pamoja kwa uwiano ule ule. Tanki likianza kuyeyuka asubuhi, tone la kwanza lina nguvu sawa na la mwisho.

Marekani ilikuja kwa mabishano. Mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, EPA, ilikwisha kutangaza kwamba kuanzia toleo la mwaka 2010 injini za malori zisitoe zaidi ya gramu 0.20 za oksidi za nitrojeni kwa kila kizio cha kazi. Makampuni mengi yalitaka urea. EPA ikawa na swali ambalo halikuwahi kuulizwa kuhusu vifaa vya zamani vya kusafishia moshi: dereva asipojaza je? Kichocheo cha gari la petroli kinafanya kazi bila mtu kukigusa. Huu mfumo mpya unategemea mwenye gari atoe pesa mfukoni, mara kwa mara, kununua kitu ambacho injini yenyewe haikihitaji. Gari bila urea linakwenda vizuri kabisa. Wanaoumia ni wanaovuta moshi.

Jibu likawa kumlazimisha. Mwongozo wa EPA wa mwaka 2009 ulitaka onyo kwanza, kisha onyo kali, kisha gari lenyewe lipunguzwe nguvu mpaka dereva achoke. Katika malori hatua ya mwisho ilikuwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8. Mtu mwenye haraka anaweza kushuka akalipita kwa miguu.

Kampuni moja, Navistar, watengenezaji wa malori ya International, ilikataa urea na kuendelea na njia ya kurudisha moshi ndani ya silinda. Mwaka 2010 iliwapelekea maofisa wa serikali matokeo ya majaribio: malori ya washindani wake yalikuwa yakiendeshwa huku tanki likiwa tupu, au likiwa limejazwa maji ya kawaida, na adhabu iliyoahidiwa haikuonekana ipasavyo. Bila shaka ilikuwa na maslahi yake. Lakini hoja yenyewe ilikuwa nzito: kama kipimo kinaangalia ujazo tu, ndoo ya maji ya bomba inakidanganya. Mwaka uliofuata EPA ilipendekeza masharti makali zaidi, yakiwamo ya kugundua ubora wa kilichomo ndani. Navistar haikufaidi ushindi huo. Injini zake zilishindwa kufikia kiwango bila urea, na mwaka 2012 ilisalimu amri, ikaanza kununua mfumo wa urea wa kampuni ya Cummins, na mkuu wake Daniel Ustian akaondoka.

Ugomvi huo ndio uliojaza sensa kwenye tanki la pili. Ipo ya kupima ujazo, ipo ya joto, na magari yaliyofuata yakapata ya ubora, inayotuma mawimbi ya sauti ndani ya kimiminika na kusoma kasi yake ili kujua urea ni asilimia ngapi. Kwenye eksozi zipo nyingine zinazonusa oksidi za nitrojeni. Zikigundua kwamba moshi hausafiki, dashibodi inalaumu kimiminika hata kama tanki limejaa mpaka shingoni.

Pikapu nyingi za mwanzo hazikumpa dereva mshale wa kusoma, ila ujumbe: kiwango kipo sawa, au kimepungua. Watengenezaji walitaka asiliwazie tanki hilo, ajaziwe na fundi siku ya kubadilisha oili. Ndani, baadhi ya matanki yalitumia boya linalofunga swichi moja baada ya nyingine, kwa hiyo hayakuweza kujua kilichopo kati ya swichi mbili. Kipimo cha namna hiyo hakishuki polepole. Kinakaa, kinaruka, kinakaa tena. Sensa za mawimbi ya sauti zina udhaifu wake: povu la baada ya kujaza linazichanganya, na barafu inazifanya zisisome chochote cha maana. Ndiyo sababu vitabu vya magari mengi vinasema mtu akishajaza aendeshe kwanza kabla ya kuhukumu kipimo. Kompyuta inasubiri kimiminika kitulie, na haiamini usomaji mmoja.

Kisha kuna hesabu ambayo wengi wanaikosea. Tunapima mafuta kwa umbali, tunadhani na urea ni hivyo hivyo. Urea inafuata wingi wa oksidi, na oksidi zinafuata kazi ambayo injini inafanya. Kwa pikapu katika matumizi ya kawaida, kadirio la mafundi ni kama asilimia 2 hadi 3 ya dizeli. Tanki la lita 19, ukichukua asilimia 2.5, linatosha lita 760 za dizeli. Pikapu inayokula lita 15 kwa kilomita 100 itafika kama kilomita 5,000. Ifungie trela la ng'ombe, ipande nalo milima ya Colorado, na vyote viwili vinapanda kwa pamoja: dizeli kwa kila kilomita, na urea kwa kila lita ya dizeli. Kilomita 5,000 zinaweza kugeuka nusu yake bila kitu chochote kuharibika. Upande wa pili, gari linalozunguka mtaani safari fupi fupi linaweza kuonekana halitumii kabisa, kwa kuwa eksozi haijapata joto la kutosha na kompyuta haipulizii.

Ukubwa wa tanki nao una kesi yake. Julai 2021 Tume ya Ulaya iliyatoza makundi ya Volkswagen na BMW faini ya jumla ya yuro milioni 875. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2009 hadi 2014, walikuwa wakikutana pamoja na Daimler na kukubaliana juu ya ukubwa wa matanki ya AdBlue na umbali yatakaofika, ili asiwepo atakayesafisha moshi kuliko mwenzake. Daimler ilinusurika kwa kuwa ndiyo iliyofichua. Teknolojia ya kusafisha zaidi ya sheria ilikuwapo. Walichokubaliana ni kutoshindana nayo.

Wakati huo Volkswagen ilikuwa imekwisha kuanguka kwa kosa jingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipima moshi wa magari machache barabarani, badala ya kwenye chumba cha majaribio, na Septemba 2015 EPA ikatangaza kwamba programu ya magari ya kampuni hiyo ilijua gari linapopimwa na kujirekebisha. Kati ya magari hayo ilikuwamo Passat yenye tanki la urea.

Pikapu nazo hazikupona. Ram, yenye injini ya Cummins, ilikaa miaka kadhaa ikijivunia kwamba haihitaji urea, kwa kuwa ilitumia kichocheo cha aina nyingine kinachonasa oksidi. Toleo la mwaka 2013 likaja na tanki la pili kama wenzake. Miaka kumi baadaye, Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 bila kukiri kosa, katika madai kwamba injini takriban 630,000 za pikapu hizo, za matoleo ya 2013 hadi 2019, ziliwekewa mbinu za kukwepa udhibiti. Kipimo chote hicho cha kumlinda mwananchi dhidi ya dereva, na aliyefikishwa kwenye meza ya malipo ni kiwanda.

Mwaka 2021 ilidhihirika jinsi mbolea na usafiri vilivyofungamana. China ilipozuia urea yake isitoke, Korea Kusini, iliyokuwa ikiitegemea karibu kabisa, ikaona malori yakikaribia kusimama. Serikali ilituma ndege ya jeshi Australia kuchukua lita 27,000. Muda mfupi baadaye Australia yenyewe ikaanza kuhangaika. Mtu atauliza kwa nini wasikoroge mbolea ya dukani. Mbolea ina viambato vya kuzuia isigandamane, na chembe za metali, vinavyoharibu kichocheo cha bei kubwa kuliko magunia mengi ya mbolea.

Afrika Mashariki tumelipitia suala hili kwa mlango wa nyuma. Dizeli yetu ilishuka hadi salfa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, lakini pikapu nyingi zinazouzwa huku bado hazina tanki la pili kwa kuwa sheria haikulidai. Wanaolijua ni wenye malori ya mtumba ya Ulaya, na si wachache wanaomlipa fundi aizime kompyuta ili isahau kwamba tanki lipo. Marekani nako kazi hiyo hufanyika kwa siri, na EPA imeyatoza faini makampuni yaliyouza vifaa vyake.

Mwezi Agosti 2025 EPA ile ile ililegeza kamba. Wakulima na madereva walikuwa wamelalamika kwamba sensa mbovu, huku tanki likiwa limejaa, inawaacha njiani au katikati ya mavuno. Mwongozo mpya unawaruhusu watengenezaji kubadilisha programu za magari yaliyopo ili adhabu ichelewe na ipungue: kwa malori, onyo linakaa muda mrefu zaidi, na mwendo wa mwisho ni maili 25 kwa saa badala ya 5. Magari mapya ya toleo la 2027 yanatakiwa yaundwe yasipoteze nguvu ghafla. Sharti la kujaza tanki halikuondolewa, na kilichoongezwa kwa mwenye pikapu ni muda wa kumfikia fundi.