Rudi na Ritadi

Kila msimu wa uchaguzi dai hili hurudi redioni na vijiweni: eti Kiswahili kina jina moja tu la mtu aliyeacha chama au dini yake, nalo ni msaliti. Nimelisikia Mbauda, nimelisikia Kaloleni, na mara zote wasikilizaji hutikisa kichwa kumkubali msemaji. Mimi silikubali. Majina tunayo tele, ila tunayagawa kwa upendeleo.

Chukua ritadi. Lilikuja na dini kutoka Kiarabu, na murtadi ni mtu aliyetoka katika Uislamu. Mzizi wake, wenye maana ya kurudisha, ndio huohuo uliotupatia kitenzi cha kila siku, rudi. Kwa asili ya neno, basi, anayeritadi amerudi alikotoka. Walokole nao, bila kushauriana na masheikh, humwita aliyepoa kiroho mtu "aliyerudi nyuma". Lakini Mlutheri wa Meru aliyetengwa na ushirika, akitubu mbele ya wenzake, "amerudi kundini" na hupokewa kwa furaha. Kitenzi ni kimoja. Anayeamua kama ni dhambi au ni sherehe ni yule aliyesimama mlangoni.

Watafsiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, walikuwa na neno jingine: ukengeufu. Kukengeuka ni kupinda pembeni, kuiacha njia. Nalipenda kwa sababu lina huruma. Mkengeufu amepotea, huenda hata hajui. Yuda ndiye waliyemwita msaliti, na Yuda alilipwa vipande vya fedha. Anayemwita mwenzake msaliti, basi, anadai pia kwamba kuna malipo yaliyopokelewa, na wachache hujisumbua kuyathibitisha.

TANU ililitumia neno hilo kwa mkono mpana. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Julai mwaka huohuo Oscar Kambona, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama, akaenda uhamishoni London. Kwa robo karne jina lake lilitajwa pamoja na usaliti, hadi aliporudi mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla hajarudi, CCM yenyewe, mrithi wa TANU, ilikuwa imelegeza miiko ya uongozi ya Azimio katika kikao cha Zanzibar. Safari hii aliyeondoka ni chama kizima, na hakuna aliyeitwa msaliti. Watu waliuita uamuzi huo "Azimio la Zanzibar", kwa kejeli, na maisha yakaendelea.

Lakini kipindi kilichoipa lugha hii utajiri mkubwa kuliko vyote ni kile cha kuanzia 2011 hadi 2014, na kitovu chake kilikuwa huku kwetu Arusha. Aprili 2011, baada ya kikao cha Halmashauri Kuu mjini Dodoma, CCM ya Jakaya Kikwete ilitangaza kwamba inajivua gamba. Nyoka alikuwa chama, na gamba lilikuwa viongozi waliotuhumiwa ufisadi. Julai, Rostam Aziz, mmoja wa waliolengwa, akaachia ubunge wa Igunga. Kisha wapinzani wao, Chadema, wakaiteka tamathali na kuigeuza: "Vua gamba, vaa gwanda". Gwanda ni lile vazi lao la kaki. Gamba lililokuwa la wachache likawa jina la kila aliyebaki CCM, na "magamba" likaingia katika maongezi ya sokoni.

Tazama kazi ya tamathali hiyo. Nguo huvuliwa, na mwili hubaki uleule. Aliyerudisha kadi ya kijani jukwaani hakuwa amemtoroka mtu wala kuuza kitu. Alibadilisha vazi mchana, mbele za watu. Aprili 1, 2012, Joshua Nassari wa Chadema alishinda ubunge wa Arumeru Mashariki. Mwaka huohuo James Ole Millya, mwenyekiti wa vijana wa CCM mkoani, alihamia upinzani. Akahama pia Alphonce Mawazo, diwani wa CCM wa kata hii ya Sombetini.

Kiti chake kilijazwa Februari 9, 2014, katika uchaguzi mdogo uliofanyika siku moja katika kata 27 nchini. Hapa alishinda Ally Bananga wa Chadema, ambaye naye alikuwa ametoka CCM. Aliyehama alirithiwa na aliyehama. Kama wapiga kura wa Sombetini wangeliamini lile dai la neno moja, wangeliwaadhibu wote wawili. Mawazo alihamishia siasa zake Geita, akawa mwenyekiti wa Chadema wa mkoa, na huko alishambuliwa na kuuawa Novemba 14, 2015.

Baadaye upepo uligeuka. Kuanzia 2017 madiwani na wabunge wa upinzani walijiuzulu "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Maneno hayo sina subira nayo. Hayasemi mtu ametoka wapi wala ameacha nini. Ni kuhama kusikokiri kwamba ni kuhama. Millya alirejea CCM 2018, na Machi 2019 Edward Lowassa, aliyeondoka 2015, akasema amerudi nyumbani. Mwezi huohuo Maalim Seif Sharif Hamad wa Zanzibar na wafuasi wake walitoka CUF kwenda ACT-Wazalendo kwa wito wa "Shusha tanga, pandisha tanga". Wapwani, angalau, walikiri kwamba wamo safarini.

Chanzo ambacho wabishani wetu hawakifungui ni Katiba ya nchi. Ibara ya 71 inamvua ubunge mtu ambaye "ataacha" kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Neno ni kuacha, lilelile la kuacha sigara, kuacha kazi, kuacha shule. Halina Yuda ndani yake, wala mwana mpotevu. Lakini sheria yenye neno pole hivyo ndiyo yenye adhabu nzito, na madiwani nao hufuata mkondo huohuo. Mawazo aliacha chama 2012. Sombetini, ambayo haikuacha kitu, ilikaa bila diwani hadi 2014.